Sauti ya Saa Tano na Robo

Kabla ya kubisha hodi, Shiundu aliisikiliza tena ile sauti. Ilikuwa mara ya tisa. Alisimama kando ya mlango wa kina Fadlalla, mtaa wa Makina, Kibera, simu ameibana sikioni, kidole kikiziba sikio la pili ili makelele ya njia yasimvuruge.

Sauti ya mwanamke, ya chini, yenye haraka. "Haroun, unanisikia?"

Kisha mwanamume: "Nakusikia."

"Nitakusomea maswali. Usiambie mtu."

Mwanamume tena: "Sitasema."

Kamati ya nidhamu ya Chuo cha Ufunguo ilikuwa imetosheka na maneno hayo. Haroun Fadlalla, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika stashahada ya ushauri nasaha, alifanya karatasi yake ya mwisho akiwa nyumbani, kwa mtandao, mbele ya kamera ya kompyuta. Kanuni ya kwanza ya mtihani ilisema mtahiniwa awe peke yake chumbani. Programu ya usimamizi, ambayo kazi yake ni kutazama na kusikiliza, ilimwekea alama tatu nyekundu. Macho hayakutazama skrini. Chumba kilikuwa na giza. Na kuanzia saa tano na robo kulikuwa na mtu wa pili aliyekuwa akizungumza.

Kamati ingekaa Ijumaa saa nane mchana. Ikimpata na hatia, angefukuzwa kwa miaka mitatu. Leo ilikuwa Jumatano.

Shiundu alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka kumi na tisa kabla hajaanza kuajiriwa na vyuo, kesi baada ya kesi. Bi Mwongeli, mkuu wa mitihani pale Ufunguo, alimpa ripoti ya mashine na rekodi ya sauti pekee. Video ilibaki kwa kamati. Alimwambia sentensi moja tu: "Nataka jina la huyo mwanamke."

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Wewe ndiye wa chuo," kijana aliyeufungua akasema. "Umesimama hapo karibu dakika tano. Nimesikia sauti yangu kwa simu yako."

Alikuwa mrefu, wa miaka kama ishirini na minne, shati lake limepigwa pasi vizuri. Uso wake ulielekea kando kidogo ya pale Shiundu aliposimama. Fimbo nyeupe iliegemezwa ukutani nyuma yake.

Shiundu alizima simu. Katika kurasa ishirini na moja za ile ripoti, hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtahiniwa haoni.

"Ndiyo, ni mimi. Naitwa Shiundu."

"Karibu, mzee. Kuna kiti mkono wako wa kulia."

Chumba kilikuwa kidogo na nadhifu: kitanda, mkeka wa kuswalia uliokunjwa, meza yenye kompyuta. Dirisha lilikuwa limefungwa. Shiundu alibonyeza swichi ya taa. Hakuna kilichotokea. Akatazama juu, kishikio cha balbu kilikuwa kitupu.

"Balbu iko wapi?"

"Iliungua. Mwezi wa nne, nafikiri. Sister yangu ndiye aliniambia." Haroun alikaa kitandani. "Sikuona haraka ya kununua nyingine."

Shiundu aliandika. Alama nyekundu ya pili ilikuwa imejieleza. Ya kwanza haikuhitaji maelezo tena.

"Chuo kinajua huoni?"

"Kuna fomu ya kuomba usaidizi wakati wa mtihani. Nimeijaza mara nne. Kompyuta yangu ina programu ya kunisomea kila kitu kilicho kwa skrini. Ukurasa wa mwisho wa hiyo fomu una kitu cha kubonyeza, na programu yangu haikioni. Kila mara naambiwa fomu haijakamilika. Nikapiga simu ofisini. Wakaniambia nijaze fomu."

"Ulizungumza na nani?"

"Alikata kabla niulize."

Shiundu aligeuza ukurasa. "Siku ya mtihani. Nani alikuwa humu ndani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

"Na hii sauti ya mwanamke?"

Haroun alikunja mikono yake. Nje, fundi wa vyuma alianza kuchomelea, mlio ukapenya ukutani.

"Sijui jina lake," akasema.

"Mtu amekusomea maswali kwa dakika arubaini na tano na humjui jina?"

"Hilo ndilo jibu langu."

"Aliingilia wapi? Kuna mlango mmoja tu hapa."

"Mzee, nilimwambia sitasema. Umesikia mwenyewe."

Shiundu alikuwa amehoji waongo wengi. Wengi wao huongeza maneno. Huyu alikuwa akiyapunguza. Aliona pia kwamba kijana hakuuliza ana ushahidi gani, wala kamati inafikiria nini. Alikaa vile mtu anavyokaa kwenye kituo cha basi ambacho huenda basi lisipite.

"Kuna kazi unangojea?"

"Kuna kituo cha simu za msaada. Mtu akiwa na shida anapiga, unamsikiliza. Walisema watanishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi." Akainua uso. "Hiyo ni kazi naweza fanya vizuri."

Mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamke aliyevaa buibui, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. Alimtazama Shiundu, kisha daftari lake.

"Salaam aleikum. Wewe ndio umetumwa?"

"Aleikum salaam. Wewe ni Hayat."

Alimjua kutoka kwenye rekodi za chuo. Hayat Fadlalla, dada mkubwa, alimaliza stashahada hiyohiyo, chuo hichohicho, miaka miwili iliyopita. Bi Mwongeli alikuwa amelipigia jina lake mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu aliyepita mtihani ule, anayeishi nyumba ile, mwenye sauti ya kike. Kesi nyingi huishia hapo.

"Ulikuwa wapi siku ya mtihani, saa tano asubuhi?"

"Kwa duka langu, Soweto East. Nilikuwa napimia kwaya nguo. Watu kumi na wanane. Waulize wote."

"Nitawauliza. Hebu nisomee hapa."

Alimpa karatasi yenye swali la sita la mtihani na kuweka simu mezani irekodi. Hayat alisoma mistari mitatu, haraka, kwa hasira, kisha akairusha karatasi mezani.

"Kama ningekuwa hapa ningemsomea," akasema. "Nikuambie ukweli. Lakini yeye ndiye alinifukuza asubuhi. Ati sheria inasema awe peke yake. Hata chai hakutaka nimletee. Nikaenda kazini nikijua amekaa huku na hiyo mashine. Halafu stima ikapotea, nikaanza kuogopa zaidi."

Kalamu ya Shiundu ilisimama. "Stima ilipotea?"

"Line yote. Huku na kule dukani. Ilirudi jioni."

"Saa ngapi ilipotea?"

"Saa nne na dakika arubaini na kitu," Haroun akajibu badala yake. "Wi-Fi ilikufa. Laptop ilikuwa na chaji, kwa hivyo nikaunganisha na data ya simu, mtihani ukarudi. Lakini hiyo programu ya kusimamia ikirudi inafunga programu zingine zote. Ikafunga ile inanisomea."

"Halafu?"

"Halafu kukawa kimya."

"Ukafanya nini?"

"Nikangoja. Sikujua kama mtihani bado uko mbele yangu ama umeenda. Singeweza kuinuka, ukiinuka wanakufungia. Singeweza kuita mtu. Ukiita ni makosa. Nikakaa tu, mikono juu ya kibodi."

Shiundu alikagua ripoti. Mtandao ulikatika saa nne na dakika arubaini na nane. Ukarudi saa nne na dakika hamsini na mbili. Kuanzia hapo hadi saa tano na robo mtahiniwa hakuandika herufi hata moja. Dakika ishirini na tatu. Katika muda huo msimamizi alimtumia ujumbe wa maandishi mara sita. Washa taa. Tazama skrini. Tazama skrini. Mwanafunzi hakujibu hata mmoja, na mashine ilihesabu kila kimya kama ukaidi.

"Ulijua unaandikiwa?"

"Nani aliniandikia?" Haroun akauliza.

Shiundu alifunga daftari. Aliomba ruhusa akatoka nje.

Alijibanza kwenye ukuta uliokuwa na kivuli na kuisikiliza rekodi mara ya kumi, safari hii bila kujali maneno. Chini ya sauti ya mwanamke kulikuwa na mngurumo. Alikuwa ameusikia awali akadhani ni kelele za mtaa. Sasa aliufuata kwa makini. Mngurumo mzito usiokatika, na ndani yake mlio mwembamba uliorudi kila baada ya sekunde mbili, kama mkanda wa raba unaoteleza kwenye gurudumu. Ulianza nusu sekunde kabla ya mwanamke kusema. Ulikatika aliponyamaza. Haroun alipojibu, haukuwepo. Mwanamke aliporudi, nao ukarudi.

Alivuka njia hadi kwa fundi wa kuchomelea. Mwanamume aliyeinua kinyago chake alijitambulisha kuwa Ndululu.

"Tarehe tisa, stima ilipotea?" Shiundu akauliza, akitaja siku ya mtihani.

"Siku hiyo tulikaa bure. Kabla ya saa tano mpaka baada ya alasiri. Nilikuwa na geti la mtu, likalala hapa."

"Kuna mashine ya kusaga unga karibu?"

"Iko moja pale kona. Lakini ni ya stima. Na yeye alikaa bure kama mimi."

"Hakuna ya dizeli?"

"Ya dizeli ilienda kitambo. Watu walilalamika moshi."

Shiundu alimshukuru. Mngurumo ule ulikuwa wa mashine ya posho, na saa tano na robo ya siku ile hakuna mashine ya posho iliyokuwa ikizunguka Makina nzima. Mwanamke alikuwa akizungumza kutoka mahali penye stima. Alikuja na kelele zake, akaondoka nazo. Hakuwahi kuwa chumbani kwa Haroun. Alitokea ndani ya kompyuta.

Alimpigia Bi Mwongeli.

"Nani anaweza kuongea kupitia kompyuta ya mtahiniwa?"

"Hakuna. Mashine ndiyo inasimamia."

"Mashine haiandiki 'washa taa' mara tatu halafu 'tafadhali washa taa' mara ya nne. Mkataba wenu na hiyo kampuni unasema nini?"

Alisikia makaratasi yakifunuliwa. 

"Kuna wasimamizi," akasema hatimaye. "Watu. Wanafanyia kazi nyumbani kwao. Kila mmoja anatazama watahiniwa wanne kwa wakati mmoja. Wana kitufe cha kuongea, lakini ni cha dharura. Moto, mtu kuzimia. Sentensi moja, basi."

"Aliyemtazama Haroun ni nani?"

"Hapa naona nambari tu. Kumi na saba."

"Uliza kampuni jina na anakoishi."

"Shiundu, nilikuagiza utafute aliyemsaidia kuiba mtihani."

"Ndiye huyo ninayemtafuta."

Jibu lilikuja Alhamisi asubuhi. Msimamizi nambari kumi na saba aliitwa Celine Kavetsa, wa Kabiro, Kawangware. Simu yake haikupokelewa. Shiundu alishuka Riruta Satellite, akapita maduka, akaingia Kabiro kwa miguu. Nyumba za kukodi zilisimama zimebanana, nguo zimeanikwa kwenye kila reli. Aliuliza jengo mara mbili tu. Mara ya tatu hakuhitaji kuuliza. Mkanda wa mashine ya posho ulikuwa ukilia chini ya jengo la orofa nne, kila baada ya sekunde mbili. Alisimama pale akahesabu kwa saa yake ya mkononi, akaurekodi mlio kwa simu, kisha akapanda ngazi.

Celine alifungua mlango kidogo tu. Alikuwa mwanamke wa miaka karibu thelathini, na alama ya vipokea sauti ilikuwa imejichora kwenye nywele zake kutoka sikio hadi sikio.

"Niko kwa break," akasema. "Nina dakika kumi na nane."

"Zinatosha. Natoka Chuo cha Ufunguo. Ni kuhusu Haroun."

Hakuuliza Haroun gani. Alifungua mlango.

Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa shuka. Juu ya meza kulikuwa na skrini mbili, na juu ya skrini moja kamera iliyofunikwa kwa kipande cha kitambaa.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya kunitazama mimi. Nikiwa kazini lazima niwe peke yangu, wasiibe mitihani kupitia kwangu. Mtu akiingia wananikata pesa. Majirani wa hii ploti waliacha kunibishia kitambo." Alikaa. Hakukuwa na kiti cha pili. Shiundu alibaki amesimama. "Wamesema nini?"

"Wanasema kulikuwa na mwanamke chumbani kwake."

Celine alitazama skrini zilizozimwa.

"Niambie kutoka mwanzo," Shiundu akasema.

"Natazama watu wanne. Wengine watatu walikuwa wanaandika. Yeye alikaa. Nikamwandikia. Hakujibu. Nikamwandikia tena. Nikaona macho yake, nikajua. Nikatafuta kwa jina lake kama kuna barua ya usaidizi, hakuna. Nikampigia supervisor, akaniambia kama hana barua ni mtahiniwa kama wengine." Alisugua ile alama kichwani. "Dakika ishirini na tatu, baba. Hakusonga. Hakulia, hakuita. Na dunia hii yote mimi pekee ndiye nilikuwa namwona, na yeye hajui niko. Nikabonyeza."

"Ulimsomea nini?"

"Maswali. Kutoka la sita mpaka la mwisho. Vile yameandikwa."

"Majibu?"

"Mimi nilisomea upishi. Hata hayo maswali sikuyaelewa."

Shiundu aliandika hilo neno kwa neno. Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu ngazini.

"Mtihani ukiisha, mashine inakuletea ripoti. Kuna nafasi ya maelezo ya msimamizi. Niliona ya Haroun. Haina kitu."

"Sikuandika kitu."

"Uliona imeandikwa mtu wa pili."

"Niliona."

"Ulijua huyo mtu ni wewe."

Mashine ya posho chini ilipunguza mwendo, ikasimama. Kukawa kimya ghafla, na Celine akashusha sauti kama aliyeogopa kusikika.

"Ningeandika ni mimi, kazi ingeisha siku hiyohiyo. Nikajiambia watatazama video, wataona haoni, wataelewa. Nilimwambia asiseme. Sikufikiria kwamba kweli hatasema."

"Hajasema. Hata jana nilipomuuliza."

Alifunika uso kwa viganja, kidogo tu, kisha akaviondoa.

"Si yeye pekee," akasema. "Kuna mama mkono wake unatetemeka, mashine ilisema anampigia mtu ishara. Kuna mwingine ni kiziwi, alikuwa na mtu wa kumtafsiria kando, wakamfutia mtihani. Nawaona wote. Nikimaliza nafunga, naenda kununua mboga."

"Kesho saa nane kamati inakaa. Nina mngurumo wa mashine na saa ya stima kupotea. Havitoshi. Nahitaji wewe."

"Unajua wataniondoa."

"Najua."

"Kwingine sijui nitaanza wapi. Hii niliipata baada ya mwaka mzima wa kutafuta."

 Shiundu aliandika mahali pa kikao kwenye karatasi, akaiweka mezani. Celine alikuwa tayari anavaa vipokea sauti. Alipofika ngazini, Shiundu alisikia kitasa kikizungushwa kwa ndani.

Ijumaa, kikao kilianza kwa wakati. Bi Mwongeli alikaa katikati, mhadhiri mmoja kila upande. Haroun aliwekwa mwisho wa meza, fimbo yake imekunjwa mapajani. Hayat aliambiwa angoje getini, kwa kuwa alikuwa bado mshukiwa.

Shiundu alieleza kila kitu kwa mpangilio. Alieleza fomu isiyokamilika, balbu, stima, programu iliyonyamazishwa, ujumbe sita usiosomwa. Aliwachezea rekodi, akawaonyesha mngurumo unapoanza na unapokatika. Aliwachezea ule wa Kabiro aliourekodi jana. Ilikuwa milio miwili inayofanana kabisa.

"Mngurumo si mtu," mhadhiri wa kushoto akasema. "Kampuni imetuandikia kwamba wasimamizi wao hawaongei na watahiniwa. Huyo Celine yuko wapi?"

"Nilimwomba aje."

"Basi hayupo." Akamgeukia Haroun. "Kijana, kama ni yeye, kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Aliniomba nisiseme."

"Na ulikuwa tayari kufukuzwa kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

Haroun alimwelekezea uso. "Alikuwa amenisaidia," akasema. "Sikuwa na kitu kingine cha kumpa."

Bi Mwongeli alitangaza mapumziko ya dakika kumi. Haroun alitoka kwanza, akigusa ukuta, akakaa kwenye benchi la ukumbini. Shiundu alibaki karibu na mlango, akimtazama kupitia kioo.

Ndipo alipomwona Celine. Alikuwa mwisho wa ukumbi, amevaa blauzi ya kanisani, bahasha mkononi. Alipomwona Haroun, akasita. Kisha akaja polepole, akakaa ncha nyingine ya benchi lilelile. Nafasi ya watu wawili ilibaki kati yao.

Haroun alielekeza uso upande wa mlio wa viatu.

"Sasa," akamsalimu asiyemjua.

Celine hakujibu. Shiundu alielewa kwa nini. Mradi anyamaze, alikuwa mgeni yeyote aliyekuja kuulizia karo au cheti. Angeweza kuinuka, akashuka ngazi, akawa kwenye skrini zake kabla ya zamu ya jioni, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba alifika.  Haroun alingoja kidogo, kisha akarudisha uso mbele, kama mtu aliyezoea salamu zisizorudi.

"Poa," Celine akasema.

Lilikuwa neno moja. Mikono ya Haroun ilisimama juu ya fimbo. Aligeuka mwili mzima, taratibu, mpaka akamwelekea moja kwa moja.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Naitwa Celine."

"Sikuwaambia."

"Najua. Nimekuja niwaambie mwenyewe."

Celine hakusogea karibu, wala Haroun hakusogea. Walikaa hivyo, kila mmoja kwenye ncha yake, hadi Shiundu alipofungua mlango na kuwaita.

Maelezo ya Celine yalichukua dakika ishirini na mbili. Bahasha ilikuwa na nakala ya ripoti yenye nambari yake, na chini, kwenye nafasi iliyokuwa tupu, alikuwa ameandika kwa mkono kwamba sauti ile ni yake na kwamba alisoma maswali tu, bila jibu hata moja. Mhadhiri wa kushoto alimhoji mara tatu kwa njia tatu. Jibu halikubadilika. Mwishoni Celine aliomba waagize pia faili za yule mama wa mkono na yule kiziwi. Bi Mwongeli aliandika ombi hilo bila kuahidi kitu.

Kampuni ilimfungia Celine akaunti saa kumi na dakika tano, kabla hajaondoka kwenye jengo. Alisoma ujumbe huo ukumbini, akauonyesha kwa Shiundu, akaiweka simu ndani ya mkoba. Hayat, aliyekuwa ameruhusiwa kupanda, alimshika mkono na kumuuliza kama amekula. Celine alisema hajala tangu asubuhi.

Ndani, kamati iliamua karatasi ya Haroun isahihishwe kama zilivyosahihishwa nyingine. Uamuzi ulihitaji saini yake. Hakuna nakala iliyokuwa tayari kwa namna ambayo angeweza kuisoma mwenyewe, kwa hivyo Bi Mwongeli alimsomea. Alisoma haraka mpaka sehemu ya matokeo ya uchunguzi, na hapo akapunguza mwendo.

"Kamati imeridhika kwamba hakukuwa na mtu wa pili. Kwa muda wote wa mtihani, mtahiniwa alikuwa peke yake."

Haroun aliomba arudie sentensi ya mwisho. Akarudia. Shiundu akaweka ukingo wa rula chini ya mstari wa saini, akauongoza mkono wa kijana hadi hapo, na Haroun akaandika jina lake.